Dohani za zamani, mvua ya Pennines na bomba la ndani linalooza bila kelele

Huku bonde la mto Calder, kwenye milima ya Pennines katikati ya Manchester na Leeds, mvua haina msimu. Nyumba nyingi ni za mawe, zimejengwa karne ya 19 kwa ajili ya watu wa viwanda vya pamba na sufu, zimebanana mstari mzima zikipanda mlima, na kila moja ina dohani maana enzi hizo karibu kila chumba kilikuwa na meko yake na kilichochomwa ni makaa ya mawe. Wabongo tunaonunua nyumba huku kaskazini mwa Uingereza tunaishia kwenye nyumba hizi kwa sababu moja tu, ndo bei tunayoiweza. Unanunua, unasifia kuta nene, bili ya gesi ya kwanza ikija unaamua kuweka jiko la kuni la chuma pale kwenye meko ya zamani, na hakuna anayekuambia habari ya kilichomo ndani ya dohani.

Kilichomo, au kinachotakiwa kuwemo, ni laina. Yaani bomba la ndani linaloanzia kwenye jiko na kupita katikati ya dohani mpaka juu ya paa, ili moshi usiguse mawe na matofali ya nyumba. Kazi yake ni rahisi kuieleza: moshi utoke wote, utoke ukiwa bado wa moto, na chochote kitakachoganda au kudondoka njiani kibaki ndani ya bomba. Laina ikitoboka, hewa ya sumu inaweza kuingia chumbani, lami inapenya ukutani, na siku masizi yakishika moto humo ndani hakuna tena kitu cha maana cha kuuzuia usifike kwenye mbao za sakafu ya juu.

Sasa watu wote wanaogopa huo moto, na wana haki ya kuuogopa, lakini mimi nasema huku kwenye unyevu kinachoimaliza laina ni maji, na yanaimaliza zaidi kiangazi, jiko likiwa limezimwa na hakuna mtu anayelifikiria.

Maji yenyewe yanatoka sehemu mbili. Moja ni juu, mvua, hiyo kila mtu anaijua. Nyingine ni moto wenyewe, na hapa ndo watu wanabisha. Kuni hata iwe kavu kiasi gani ina haidrojeni ndani yake, haidrojeni ikiungua inakuwa maji, kwa hiyo kilo moja ya kuni nzuri iliyokauka bado inarusha juu mvuke wa zaidi ya nusu lita ya maji. Kuni iliyokatwa jana ndo usiseme, karibu nusu ya uzito wake ni maji matupu. Moshi ukiwa wa moto unapita zake na mvuke wake. Ukipoa njiani, chini ya nyuzi 120 hivi, vile vitu vya kuni ambavyo havijaungua vinaanza kuganda kwenye bomba, ukipoa zaidi mvuke nao unageuka maji, na mchanganyiko huo ndo unaleta lami, kwanza ya kahawia inayonata, baadaye nyeusi ngumu inayong'aa ambayo brashi inaiteleza tu.

Ndo maana dohani tupu ya zamani haifai kwa jiko la kisasa. Njia ya moshi ya kawaida humo ndani ni inchi 9 kwa 9, kama milimita 225 kila upande, ilijengwa kwa meko ya wazi ambayo robo tatu ya joto lake lilikuwa linakimbilia juu bila kazi. Jiko la chuma linabakisha joto chumbani, moshi unaotoka ni kidogo na umepoa, halafu unauingiza kwenye shimo pana la mawe baridi yaliyolowa. Bomba la milimita 150 lina nafasi ya karibu theluthi moja tu ya lile shimo, moshi unabanwa, unakwenda haraka, unafika juu haujapoa sana. Watu wanadhani laina ni kwa ajili ya kuzuia moto tu, kumbe nusu ya kazi yake ni kuuwahisha moshi.

Nyumba za kabla ya 1965 kwa kawaida hazikuwa na laina kabisa, ni kanuni za ujenzi za mwaka huo ndo zilianza kulazimisha. Wajenzi wa zamani walikuwa wanapiga plasta ya chokaa ndani ya dohani, na kwenye chokaa wanachanganya samadi ya ng'ombe ili isipasuke kwa joto. Hii nilimweleza mama mmoja kutoka Marangu aliyekuja kumtembelea mwanae kwenye mji wa Huddersfield, alicheka mpaka akakaa chini, kumbe na hawa walikuwa wanakandika kwa samadi! Plasta hiyo ilifanya kazi miaka mingi sana, ila moshi wa makaa ya mawe una salfa, salfa na maji ni tindikali, na tindikali inakula chokaa. Leo ukiingiza kamera kwenye dohani ambayo haijaguswa unakuta plasta imedondoka vipande vipande, mota, yaani ule mchanganyiko wa kujengea kati ya mawe, imekuwa mchanga, na zile kuta nyembamba zinazotenganisha njia ya chumba hiki na chumba kile zina matundu. Kwenye nyumba za mstari, njia zako na za jirani zinakutana kwenye mnara mmoja juu ya paa, kwa hiyo tundu lako linaweza kuwa moshi wa jirani.

Huyo mwenyeji wa mama wa Marangu ni mshkaji wangu, na kisa chake nakileta kwa sababu ndo kisa cha watu wengi. Alinipigia simu.

"Kaka, ukuta wa chumbani unatoka jasho la kahawia. Napaka rangi, linarudi."

"Mvua imenyesha huko?"

"Hapana bana, siku kadhaa hakuna mvua. Kuna ule unyevunyevu tu wa hewa."

"Na moto mnawasha hapo chini?"

"Pamezibwa toka tunanunua. Ila mama amefika juzi tu akaniuliza, baba, mbona hapa pananuka moshi na nyie hamuwashi moto?"

Mama alishamaliza kazi ya fundi hapo. Masizi ya makaa ya mawe ya miaka mia yameacha chumvi ndani ya ukuta, na chumvi hizo zinavuta maji kutoka hewani, kwa hiyo siku ya unyevu doa linalowa hata kama paa ni zima kabisa. Ukitaka kujua tofauti angalia linalowa lini na liko wapi. Linalowa baada ya mvua kubwa na liko karibu na dari, hapo tafuta lile bati la risasi linaloziba pale dohani inapotokea kwenye paa, limenyanyuka au limepasuka. Linalowa siku yoyote ya hewa nzito, liko katikati ya ukuta, rangi ya chai, linanuka masizi, hizo ni chumvi. Na ukilikuta doa la namna hiyo kwenye dohani ambayo ina jiko linalotumika na ina laina, basi usiendelee kupaka rangi, hiyo inaweza kuwa lami inayovuja na unatakiwa usiwashe mpaka mtu aingize kamera.

Kwenye nyumba yetu ilikuwa hivyo. Laina ilikuwepo, mwenye nyumba aliyetangulia aliiweka, na karatasi ya fundi aliyeifunga alituachia. Doa likatokea chumba cha juu, jembamba, refu, linashuka kwa mstari. Fundi wa kusafisha dohani akaingiza kamera, tukaiangalia pamoja kwenye kiskrini chake, bomba linaonekana limenyooka tu, masizi ya kawaida, halafu akasimamisha mahali, akasogeza taa. Kwenye kila mkunjo kulikuwa na kamstari keusi kanang'aa, mzunguko mzima. Akafungua lile bati la kuzibia juu ya jiko, akamulika upande wa nje wa bomba na tochi, akaniita nichungulie. Nje ya bomba kuna mishale imechapwa, midogo, na mishale yote ilikuwa inaangalia chini.

Laina za chuma za kupinda zimetengenezwa kwa ukanda mrefu wa chuma uliozungushwa na kukunjwa mshono juu ya mshono, na ndani kuna ngozi laini ambayo kila tabaka linalalia la chini yake, sawasawa na mabati ya paa yanavyopandana. Ukiliweka bomba kwa mwelekeo wake, mishale ikiangalia juu, lami na maji vinashuka vikipita juu ya mishono mpaka chini kwenye moto vinaungua. Ukilipindua, kila mshono unakuwa mdomo ulio wazi unaopokea kila kinachoshuka na kukipitisha nje. Fundi wa zamani, sijui alikuwa na haraka au mvua ilikuwa inamnyeshea kule juu, alipitisha bomba zima kichwa chini. Kanuni hiyohiyo ipo kwenye mabomba ya udongo wa kuchoma, upande wenye kikombe unatakiwa uangalie juu ili kipande cha juu kiingie ndani yake. Kila aina ya laina ukiitazama imetengenezwa ikijua kwamba kuna maji yatashuka. Ila aliyeandika ile karatasi yetu hakujua.

Turudi kwenye kiangazi maana niliahidi. Ukimaliza msimu wa baridi masizi yamebaki kwenye bomba. Kama ulichoma kuni peke yake yana asidi kiasi, kama ulichanganya na makaa ya mawe au yale matofali ya makaa yasiyo na moshi, yana salfa. Kuanzia Mei mpaka Septemba bomba ni baridi, hewa yenye unyevu inapita humo polepole, yale masizi yanalowa na kuanza kuitafuna chuma usiku na mchana kwa miezi mitano. Watu wengi wanaita fundi wa kusafisha Oktoba, kabla ya kuanza kuwasha, na hiyo ni nzuri, lakini kama una hela ya mara moja tu kwa mwaka mimi ningesema mwite mwishoni mwa msimu, mara tu unapozima. Wanaochoma kuni kila siku wanashauriwa kusafisha mara kadhaa ndani ya msimu, wa makaa yasiyo na moshi angalau mara moja kwa mwaka. Na brashi iwe ya plastiki, ya waya za chuma inaikwaruza ile ngozi ya ndani na kila mkwaruzo ni mahali pa kutu kuanzia.

Kuna kunguru wadogo wenye shingo ya kijivu huku, wanapenda dohani kuliko miti. Wanadondosha vijiti mpaka kimoja kinase, halafu wanarundika juu yake, unaweza ukatoa magunia. Kiota kikishakuwa kinatumika sheria ya 1981 ya wanyamapori inakukataza kukigusa, ndo sababu nyingine ya kumwahi fundi Machi au mwanzoni mwa Aprili na kuweka kofia yenye wavu. Wavu usiwe wa matundu madogo sana, lami inauziba na moshi unakurudia sebuleni.

Kwenye kununua laina mpya utaulizwa 316 au 904L, zote ni chuma kisichoshika kutu, ila 904L ina nikeli na molibdeni nyingi zaidi na shaba kidogo, inavumilia tindikali. Ukiwa na uhakika kwamba maisha yako yote humo ndani utachoma kuni kavu tu, 316 inatosha. Mimi siwezi kuahidi hivyo, wiki ya barafu kuni zikiisha mtu anachoma kinachopatikana dukani, na mpangaji atakayekuja baadaye simjui, kwa hiyo nililipa zaidi. Tofauti ya bei ya bomba inauma siku moja. Skafoldi ya kupanda juu ya paa la ghorofa mbili upande wa mteremko mara nyingine inakula hela kuliko bomba lenyewe, hutaki kuisimamisha tena baada ya miaka michache.

Chuma sio njia pekee. Dohani ikiwa imeliwa sana ndani, mota imeisha, imepinda pinda, kuna wale wanaoshusha puto refu la mpira, wanalijaza upepo, wanamwaga zege jepesi kuzunguka puto, likishika wanalitoa puto na unabaki na njia mpya laini iliyoshikana na mawe. Inaimarisha dohani iliyochoka, inadumu, ila ukishaimwaga umeimwaga, haitoki. Mabomba ya udongo au ya mawe mepesi ya volkano yanadumu sana pia, lakini dohani ikiwa na kona lazima mtoboe ukuta wa vyumba ili kuvipanga vipande, na hapo familia inahamia kwa watu. Kuna na kupaka tabaka la kauri juu ya laina ya udongo iliyopasuka kidogo. Bomba la chuma lililotoboka kwa kutu halizibwi, wala usimsikilize anayekuambia atatia kiraka, linatolewa lote.

Ugomvi wangu na mafundi wengi ni kwenye kinachojazwa kati ya laina na mawe ili kutunza joto. Wengi wanamwaga vamikulaiti, zile punje nyepesi za madini, toka juu kwa sababu ni rahisi na haraka. Kwenye nchi kavu sawa. Huku, ile saruji ya juu kabisa inayoshika chungu cha dohani, yaani kile kibomba kifupi kinachosimama juu ya mnara, ikipasuka hata ufa wa unywele, maji yanaingia, vamikulaiti inayanywa na kuyashikilia, na unakuwa na nguzo ya uji uliolowa ndani ya ukuta wako kutoka paa mpaka sebuleni, ukiitoa inatoka kwa ndoo. Bora kulivalisha bomba blanketi lake la kuhimili joto kabla ya kulishusha, kama nafasi inaruhusu, au kutumia zile punje za udongo uliochomwa ambazo hazishiki maji sana.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni kuanzia juu. Kabla hujamlipa mtu wa laina, mlipe mtu wa paa aangalie ile saruji ya juu, chungu, kofia, bati la risasi, na mota kati ya mawe. Na mota iwe ya chokaa. Mawe ya huku yanahitaji kupumua, ukiyaziba kwa saruji ngumu maji yanayoingia hayana pa kutokea, barafu ikija uso wa jiwe unabanduka. Utaona dohani nyingine zimeinama kabisa, upande unaopigwa na mvua salfa ya masizi imeivimbisha mota mpaka upande huo umerefuka na mnara ukaegemea upande wa pili. Laina mpya ndani ya dohani ya hivyo ni hela ya kutupa.

Baada ya hapo kamera, kisha jaribio la moshi: wanawasha kidonge cha moshi chini, wanaziba juu, halafu kila mtu anakimbia kila chumba kuangalia unatokea wapi, pamoja na kumgongea jirani, na nafasi ya darini chini ya paa usiisahau. Alamu ya kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu, iwepo chumba chenye jiko, mita 1 mpaka 3 kutoka kwenye jiko. Kwa England ni lazima kisheria ukifunga jiko jipya.

Kuni, kwa ufupi maana hili limesemwa sana: chini ya asilimia 20 ya unyevu. Tangu Mei 2021 kuni za mifuko midogo zinazouzwa England zinatakiwa ziwe hivyo, lakini ukizirundika nje bila paa wiki mbili za Novemba ya huku umesharudi ulikotoka. Nunua kile kipima unyevu, pasua kuni, pima uso wa ndani uliopasuliwa, nje inadanganya. Na usilibane jiko likafuka usiku kucha. Moto mdogo unaofuka ndo unapika lami, heri uwashe moto mkali wa muda mfupi kisha uache uzime.

Mshkaji wa Huddersfield yeye hakuhitaji laina yoyote, hana mpango wa kuwasha. Dohani isiyotumika ikizibwa juu na chini bila pa kupumua inatengeneza unyevu wake yenyewe. Alitoboa pale palipozibwa akaweka kijidirisha cha hewa, juu akaweka kofia inayozuia mvua na kupitisha upepo, akakwangua plasta ya jasi yote yenye doa na kupiga ya chokaa. Bado siku za hewa nzito panafifia rangi kidogo, chumvi haziishi kwa mwaka mmoja, ila harufu imekwisha.

Sisi tulitoa bomba lote, likashuka jipya, mishale ikiangalia juu, nilipiga picha kabla hawajafunga bati. Aliyefunga alikuwa amesajiliwa HETAS, chombo cha Uingereza kinachosajili mafundi wa majiko ya kuni na makaa, kwa hiyo aliitaarifu halmashauri mwenyewe na cheti kikaja kwa posta. Ukitumia fundi ambaye hajasajiliwa lazima wewe mwenyewe uombe ukaguzi wa halmashauri kabla kazi haijaanza. Cheti kitunze pamoja na risiti za kusafisha, watu wa bima wanaweza kuviuliza, na wakili wa mnunuzi ataviuliza siku unayouza.